Mtungi wa Juu ya Mlango

Wifi yangu ni mfupi. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe hulisema kabla hujafungua mdomo, na ukicheka atacheka kukuzidi, halafu atakutafutia kazi ya kufanya. Kiwandani tunamwita Kifungo. Jina hilo nililitoa mimi, siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha. Nilimtazama alivyo mviringo, nikasema kaka kapata kifungo cha koti. Hakununa. Akanijibu kwamba koti lisilo na kifungo ni tandiko tu, na tangu siku hiyo tunataniana bila likizo. Mkiona tumenyamaza, mjue mmoja wetu anaumwa.

Tunashona sare za shule. Mimi niko ukumbini, kwenye mashine ya kutoboa vitundu vya vifungo, na yeye yuko ng'ambo ya korido, chumba cha pasi. Ukitaka kumjua wifi usimfuate nyumbani, maana huko ni mama kama mama wengine, anagombana na watoto na masufuria. Mtazame akiwa na sketi ya marinda. Huyalaza marinda kwa kidole, anapitisha pasi mara moja tu, mvuke unapanda, basi. Sketi inatoka imenyooka hata unaogopa kuikalia. Wengine hupitisha pasi mara tatu na rinda bado linakwenda kombo. Nami nilijaribu siku moja, nikaunguza sketi, na wifi akaitundika ukutani kila mtu aione. Nilipomwomba aishushe aliniuliza kama naona haya. Nikasema ndiyo. Akasema basi imefanya kazi yake, iache.

Chumba hicho kilikuwa na mkuu wake, mama mtu mzima, na wifi alikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Yule mama alipostaafu kila mtu alijua nani anafuata. Hata paka wa stoo alijua. Asiyejua alikuwa Tajiri, mwenye kiwanda.

Tajiri si mtu mbaya. Ni mtu wa kufikiri jambo moja kwa wakati, na mwaka ule jambo lake lilikuwa moto. Karakana ya magodoro ya mtaa wa pili ilikuwa imeungua mchana kweupe, akaenda kuona majivu, akarudi amebadilika rangi. Kuanzia hapo akaweka sheria: mkuu wa kila chumba ndiye atakayeshika mtungi wa kuzimia moto ukitokea moto, kwa hiyo asiyeweza kuushika hawezi kuwa mkuu. Sheria nzuri, nani ataipinga? Tatizo lilikuwa moja tu. Mtungi wenyewe ulikuwa juu ya mlango.

Na hapo lazima niwaeleze ulifikaje huko, maana mtu mwenye akili zake atauliza. Zamani mitungi yetu ilitundikwa mahali pake, usawa wa mkono. Lakini kiwanda kina wanawake wengi na kila mwanamke ana mkoba, na ukutani hapakuwa na msumari hata wa dawa. Mtungi una shingo, una mkono, unakaa vizuri ukutani. Unategemea nini? Mikoba ikatundikwa. Ikafuata mitandio, miavuli, na mfuko wa mtu wenye chakula cha mchana. Siku wakaja wateja wakubwa, wakakuta mtungi umevaa kuliko bibi harusi. Tajiri akaona aibu, akamwita fundi wetu wa mitambo akamwambia aipandishe yote juu, wasikofika. Fundi huyo tunamwita Twiga. Twiga alipima kwa mkono wake mwenyewe, akatundika, akafurahi. Kweli mikoba haikufika tena. Na sisi pia hatukufika.

Basi Tajiri alitutangazia kwamba chumba cha pasi atakabidhiwa Twiga. Anatengeneza pasi, anajua umeme, na zaidi ya yote anafikia mtungi. Wifi alikuwa amesimama mbele, kama kawaida yake, na sote tuligeuka kumtazama. Aliporudi chumbani akawasha pasi yake, akaendelea na sketi.

Jioni ile tulitembea pamoja kwenda nyumbani na sikupata hata utani mmoja. Nilianza kuogopa. Tulipofika kwenye geti lake akasimama, macho yamejaa, akaniambia, "Wifi, kile chumba nakitaka. Sitaki kingine, sitaki kusifiwa, nakitaka kile." Sikuwahi kumsikia akisema anataka kitu. Kwa watoto ndiyo, anataka hiki na kile, lakini kwa nafsi yake, kamwe. Iliniuma. Kaka yangu alipomshauri aachane nayo, kwamba mshahara ni mshahara tu, mimi ndiye niliyemkaripia, mdogo mtu nikamkaripia mkubwa, nikamwambia anyamaze ale.

Asubuhi wifi alikwenda ofisini. Nilimfuata nikidhani nakwenda kumtia moyo, kumbe nimekwenda kuangalia tu. Alimsalimia Tajiri kwa heshima zote, akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akamwambia:

"Tajiri, naomba kuuliza. Mtungi umewekwa kwa ajili ya watu, au watu wamewekwa kwa ajili ya mtungi?"

Tajiri akamtazama. Akamwambia ajieleze, naye akajieleza, bila kupandisha sauti. Chumba cha pasi kina wanawake watatu na yeye wa nne. Twiga ana vyerehani vya ukumbi mzima, akikaa chumbani nusu ya siku ni bahati. Sasa moto ukitokea ile nusu nyingine, nani atafika juu ya mlango? Watamsubiri fundi, au watamwomba moto usubiri? Na tena mtungi ule mkubwa, hata ukishushwa, mwanamke anayelingana naye ataubeba vipi akimbie nao? Tajiri alikuna kidevu. Akasema mikoba itarudi. Wifi akasema mikoba mwachie yeye. Tajiri akakuna tena, akasema Jumamosi anakuja mkufunzi wa zimamoto, wote wawili watajaribiwa uani mbele ya watu, na atakayeuzima moto ndiye mwenye chumba.

Huyo mkufunzi alikuwa mama mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Aliweka trei la chuma uani, akatia mafuta, akawasha. Kabla ya hapo alitueleza yote polepole. Tazama mshale uko kwenye kijani. Vuta pini. Elekeza mpira chini, kwenye shina la moto, usielekeze kwenye ndimi zake. Bana, kisha fagia kulia na kushoto. Maji usiyapeleke kwenye umeme wala kwenye mafuta. Na jambo alilolirudia mpaka tukachoka: mlango uwe mgongoni mwako siku zote, na mtungi wako ukiisha moto bado upo, au moshi ukikushinda, kazi yako imekwisha, funga mlango utoke.

Twiga akaanza. Aliuchukua mtungi mkubwa, wa ukubwa wa ule wa mlangoni, kwa mkono mmoja kama birika, watu wakapiga makofi. Akausogelea moto, akabana. Kimya. Akabana tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Kumbe pini hajavuta. Tulicheka tukashikana mbavu, na yeye mwenyewe akacheka, maana Twiga hana kinyongo, hilo nampa. Alipokumbuka pini akaufyatulia unga juu ya ndimi, moto ukainama kidogo kisha ukainuka, na mtungi ukaisha.

Ikawa zamu ya wifi. Akajaribu kuubeba mtungi mwingine wa ukubwa uleule, ukamshinda. Aliuburuta, ukagonga miguu yake, akaukumbatia, akafika nao kwenye trei akihema. Hapo akautua chini. Akamgeukia mkufunzi akamuuliza kwa adabu kama hakuna mdogo kuliko huu. Mkufunzi akasema upo, tena uko kwenye gari lake. Kisha na yeye akauliza, akitazama mlango wa chumba cha pasi ulioachwa wazi, nani aliyetundika mtungi kule juu. Twiga alikuwa anatazama viatu vyake.

Kwa mtungi mdogo wifi alichukua muda mfupi kuliko ninavyochukua kusimulia. Pini, mpira chini, mgongo kwenye geti, akafagia moto kama anayefagia ua wake, ukafa. Hakurukaruka. Alirudi nyuma akiuangalia, asiupe mgongo, mpaka mkufunzi akasema inatosha.

Tajiri akatimiza neno lake, ila nusu. Akampa wifi chumba kwa majaribio, mpaka msimu wa kufungua shule upite. Akanunua mitungi miwili midogo, mmoja wa gesi kwa ajili ya umeme na mmoja wa unga. Akaongeza sharti: siku atakapoona mkoba juu ya mtungi, mitungi inapanda na yeye anashuka.

Mnadhani wifi alitubandikia karatasi za kutukataza? Alikuja na nyundo na misumari. Akapigilia safu nzima ya misumari koridoni, kila mmoja na kitambaa chake cha rangi, akatugawia. Alisema mtu hatundiki mkoba kwenye mtungi kwa ubaya, hutundika kwa kuwa hakuna pa kutundika. Wangu aliupigilia chini kabisa, eti nijifunze maisha ya wafupi. Mkoba haukuonekana tena kwenye mtungi.

Na chumbani kwake aliwafundisha wenzake watatu mpaka wakamchukia kidogo. Kila Jumatatu kabla ya pasi kupata moto: mshale uko wapi, pini ipo, mpira haujapasuka, njia iko wazi? Kila mmoja aliunyanyua mtungi na kutembea nao mpaka mlangoni. Aliyekuwa mjamzito alisamehewa kunyanyua, akapewa kazi ya kufungua mlango na kutoka wa kwanza. Nilimwambia wifi ameolewa na ile mitungi, kaka yangu atafute mke mwingine. Akanijibu kwamba mitungi angalau haikoromi.

Msimu ukafika. Wasiowahi kushona sare hawajui msimu. Sketi zilirundikwa chumba cha pasi mpaka madirishani, na nyuma ya meza ya mwisho yakawekwa marobota ya kitambaa cha bitana, kwa sababu stoo ilikuwa imejaa. Wifi aliyakataa. Alikwenda ofisini mara mbili kuyakataa. Tajiri akamwambia avumilie, yangeondoka wiki ile.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilisikia sauti ya wifi kutoka ng'ambo ya korido, na haikuwa ya kuita wala ya kulia, ilikuwa ya kuamuru: "Fundi, umeme! Wengine nje!" Twiga alikuwa karibu na swichi kuu. Akaishusha bila kuuliza, vyerehani vyote vikanyamaza mara moja, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele. Watu wakainuka, wakashika njia ya getini jinsi tulivyofundishwa. Mimi sikwenda getini. Nilikwenda kwa wifi. Najua nilikosea, mkufunzi alinisema baadaye, lakini ni wifi yangu.

Nilimkuta kasimama ndani, mlango mgongoni. Soketi ya meza ya mwisho ilikuwa inawaka, na vumbi la nyuzi lililojikusanya nyuma ya meza lilikuwa limeshika. Alikuwa na mtungi wa gesi. Pini ilikuwa chini. Alibana, akafagia, na ule moto wa soketi ukafa palepale, nikasema moyoni ameweza. Nilitaka kupiga kigelegele. Halafu nikaona moshi mweusi unatoka nyuma, kwenye marobota. Cheche ilikuwa imeingia kwenye bitana.

Wifi akautupa mtungi uliokwisha, akashika wa pili, wa unga. Akavuta pini. Robota la kwanza likalipuka kwa moto mpaka juu, la pili likafuata, na moshi ukaanza kushuka kutoka darini, ukafika usawa wa kichwa changu, ingawa kwake ulikuwa bado juu. Nilimwona akitazama. Alitazama marobota. Akatazama sketi zake, marinda yote yale. Akatazama meza yake. Chozi lilikuwa linamtoka, sijui la moshi au la nini. Kisha akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, akanisukuma kwa makalio nikatoka, akavuta mlango akaufunga.

Nilipiga kelele. "Wifi, huo umejaa! Bado umejaa!"

"Najua," akasema. "Heri nusu shari. Twende."

Kule getini aliwataja wenzake watatu kwa majina, mmoja mmoja, akawashika kila mmoja begani. Kisha wasimamizi wa ukumbi wakahesabu watu wao. Tulikuwa wote, mpaka paka. Mtungi ulikuwa bado mkononi mwake, hakumbuki kwamba anao. Zimamoto walipofika walikuta moto uko chumba kimoja, haujavuka mlango. Walimaliza kazi yao kabla jua halijapungua ukali.

Tajiri alikuwa mjini, alirudi mbio. Aliingia uani, akaona dirisha jeusi, akaona maji yanatiririka na vipande vya sketi. Akamwona wifi. Akauona mtungi, mshale umesimama kwenye kijani. Alikuwa anatetemeka, na mtu anayetetemeka husema lolote.

"Huo haujatumika," alisema. "Chumba changu kinaungua, na wewe umesimama nje na mtungi umejaa?"

Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, lakini wifi alinizuia kwa mkono. Akamsogelea Tajiri, akainua uso, maana kwake kila mtu ni wa kuinuliwa uso.

"Tajiri," akasema, "hapa uani hakuna aliyekipenda kile chumba kuliko mimi. Hata wewe. Kama kingezimika, ningekizima."

Kisha akarudisha kwenye mtungi pini aliyokuwa bado ameishika kiganjani, akamkabidhi. Nadhani alikuwa anakabidhi na ukuu. Mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi, ikabidi niishike. Ndipo mkubwa wa zimamoto akatoka ndani na kumwita Tajiri aje aone. Nami nilifuata nyuma, nani angenizuia? Dari yote ilikuwa imeanguka. Mbao zake nzito zilikuwa zimelala pale kati ya mlango na marobota, mahali hasa ambapo mtu mwenye mtungi wa pili angekuwa amesimama. Tajiri alizitazama mbao zile kwa muda mrefu. Kisha akageuka kutazama ng'ambo ya korido, ukumbi wetu, vyerehani vimekaa safu kwa safu, hata masizi havina. Mlango wa chumba cha pasi ulikuwa mkaa upande wa ndani, na upande wa nje bado una rangi.

Alipotoka alimrudishia wifi mtungi. Yule mtu mzima aliinama, akauweka mwenyewe mikononi mwake, akaenda kukaa kwenye gari lake akiwa ameacha mlango wazi.

Chumba kimejengwa upya. Marobota ya bitana sasa yana banda lao, mbali. Kuhusu majaribio, neno hilo halijasikika tena, na siku chumba kilipofunguliwa wifi aliingia wa kwanza bila kumuuliza mtu. Kitu cha kwanza alichotundika ukutani ni sketi nyingine niliyounguza siku ileile ya kujaribu, ya pili ambayo sikuwaambia. Kumbe alikuwa ameificha nyumbani siku zote hizo.

Lakini ninachotaka kuwaachia ni siku ile Twiga alipotumwa na Tajiri kuitundika upya mitungi ya kiwanda kizima, na akaambiwa aende na Kifungo, amwoneshe pa kutoboa. Nilikuwa kwenye mashine yangu, nikaacha kazi nitazame. Wifi akaweka mgongo kwenye ukuta wa ukumbi, akanyoosha mkono mbele yake kama anayepokea mzigo, akaweka alama ya chaki. Kando yake, juu kidogo, akaweka nyingine ya msumari wa mikoba. Twiga akapiga magoti na mashine yake ya kutobolea. Aliitazama ile alama, akajitazama alivyo mrefu, akalalamika kwamba siku moto ukitokea yeye ataufikiaje mtungi huko chini.

Wifi alikuwa ameshakwenda kwenye ukuta wa pili.

"Utainama," akamwambia.